Hewa Baridi hadi Iringa

Februari 2009, joto la Morogoro lilikuwa kali. Tulipoanza safari ya Iringa nilikataza kiyoyozi cha gari, kwa kuwa nilikuwa nimekokotoa petroli kitakayokula. Mke wangu alijipepea kwa khanga.

"Kijaribu tu, Baba Lwitiko. Jana kilinisumbua."

Nilikiwasha. Tukipanda mlima, hewa baridi ilikimbilia kioo cha mbele; kwenye tambarare ilirudi nyusoni mwetu.

"Mpira wa vakyumu, ule unaoelekeza hewa, unavuja," nilitamka kiprofesa. "Lakini sharti nithibitishe."

"Thibitisha, mume wangu. Usikizime."

Nilithibitisha kila mlima mpaka Iringa. Tulipofika mke wangu alifungua boneti, akaukaza mpira mmoja mwembamba.

"Umejuaje ni huo?"

"Niliulegeza mwenyewe asubuhi; ya jana niliyatunga. Mihadhara yako huwa naisikiliza."

Uthibitisho huo ulinigharimu shilingi elfu sita za petroli.