Korona Iliyovuka Mto

Chuma hakifi, hufa jina. Ndivyo fundi alivyomwambia yule mwenye trekta bovu leo asubuhi, nanyi mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Methali hii ilianzia kwetu Mkongeni, chini ya milima ya Upare, na mimi nilikuwapo.

Kijijini kwetu kulikuwa na kiwanda cha katani. Ndani yake ulisimama mtambo mkubwa wa kuchakata majani ya mkonge, tuliouita korona. Ulipokuwa ukifanya kazi, ngurumo yake ilisikika hadi vijiji vya mlimani. Bei ya katani ilipoanguka, kiwanda kilifungwa, wenyewe wakaondoka, na mali yote iliyobaki ikawa ya kijiji. Watu wakachukua mabati ya paa. Korona hakuna aliyeigusa, kwa sababu ya Mzee Senzighe.

Mzee huyu alikuwa msimamizi wa mtambo kwa miaka ishirini na sita. Hata baada ya kiwanda kufungwa, kila Jumamosi alikwenda na kopo la mafuta akaipaka mihimili, akafuta vumbi, akarudi nyumbani. Wengine walimcheka. Mimi sikumcheka, maana marehemu baba yangu alifanya kazi chini yake.

Sasa, kati yetu na zahanati kulikuwa na mto. Wakati wa kiangazi ulivukwa kwa miguu. Masika yakishika, hakuna aliyepita. Mwaka mmoja tulizika akina mama wawili waliofia ukingoni wakisubiri maji yapungue. Tuliomba daraja mpaka tukachoka kuomba.

Ndipo akaja Nakijwa. Alikuwa binti wa Washana, ukoo wa wahunzi, naye alijifunza kuchomelea vyuma mjini. Aliolewa kijijini kwetu, na mmoja wa wale akina mama wawili alikuwa wifi yake. Katika mkutano wa kijiji alisimama akasema daraja tunalo tayari, limelala kiwandani. Aliitaja mihimili ya korona, reli za matoroli ya mkonge na mabati mazito ya boila. Watu wote wakageuka kumtazama Mzee Senzighe. Mzee akainuka, akatoka.

Asubuhi yake tulimkuta amekaa mlangoni pa kiwanda, fimbo magotini. Nakijwa akaweka chini mtungi wake wa gesi, akamwamkia shikamoo, akaketi chini mbele yake.

“Unataka kuiua,” Mzee akasema.

“Baba, kwetu jembe likiisha makali tunalirudisha motoni linakuwa kisu. Sijamwona mtu akililia jembe.”

“Hii si jembe. Hapa ndipo ulipoishia ujana wangu.”

“Najua. Ndiyo maana sitaki wanunuzi wa vyuma chakavu waje kuupakia kwenye lori,” Nakijwa akajibu. “Nataka ubaki hapa, na watu wapite juu yake.”

Mzee akageuka kuitazama korona. Kisha akauliza, “Utajuaje mhimili upi ni mzima na upi umeliwa na kutu kwa ndani?”

Nakijwa akakiri kwamba hajui. Mzee akaomba nyundo, akaingia.

Akagonga mhimili wa kwanza, ukalia kama kengele. Akagonga wa pili, ukatoa sauti nzito, fupi. “Huu uacheni,” akasema. “Umeoza tumbo.” Tulipoukata, tukakuta kweli ndani ni unga mwekundu mtupu. Kuanzia siku hiyo Mzee aligonga kila chuma na Nakijwa akakata vilivyolia tu. Siku ya kufungua moyo wa korona, Mzee alishika spana mwenyewe. Machozi yalimtoka, lakini mkono haukusita.

Tulifanya kazi miezi minne. Mihimili tuliiburuta kwa ng'ombe na magogo, wanawake wakasomba mawe ya kujengea nguzo. Daraja liliposimama, mhandisi mmoja aliyepita alitikisa kichwa, akasema masika yataondoka nalo.

Masika yalikuja mapema mwaka huo. Siku ya tatu ya mvua, mto ukiwa umefura na miti mizima ikielea, mkamwana wa Mzee Senzighe akashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Tukambeba juu ya kitanda, watu wanne, mmoja wao mimi. Tulipofika darajani tukasimama. Maji yalikuwa yakipiga mabati kutoka chini, na daraja lote likivuma.

Mzee akatutangulia. Alifika katikati, akapiga chuma kwa kisigino, akasikiliza. “Njooni,” akasema. “Naifahamu sauti hii.”

Tulivuka.

Nesi alitupokea mlangoni kwa mshangao. Baadaye, mtoto alipokwisha kuzaliwa na kulia, mama akiwa salama, nesi alimwuliza Mzee tulipita wapi na mto umefurika vile.

“Tumepita juu ya korona,” akajibu.

“Ile ya kiwandani? Nilisikia ilikufa zamani.”

Mzee alikuwa amempakata mjukuu wake, kanzu ikimchuruzika maji, na uso wake uking'aa kuliko siku yoyote niliyopata kumwona.

“Chuma hakifi, mwanangu,” akasema. “Hufa jina.”