Mtumbwi wa Mama Lusako

Mama mmoja, jina lake Subilaga, alikuwa na binti mjamzito, nao walikaa kando ya ziwa dogo lililozungukwa na vilima. Miezi mingi ya mwaka ziwa lile hutulia tu. Lakini mvua za kwanza zikianguka, majani yakachipua na watu wakatoka na majembe, maji hujaa na kuifunika njia ya chini iendayo zahanati, ng'ambo. Hapo hubaki njia ya juu, yenye utelezi, ya kupanda kilima chote na kukishuka tena.

Miaka ya nyuma mwanamke mmoja alifia kwenye njia hiyo ya juu, akipelekwa kujifungua. Watu walimwita Mama Lusako. Kijiji kizima kilimlia, na msiba ulipokwisha wakasema jambo hili halitatokea tena. Wakaangusha mti mkubwa. Wanaume wakachonga, wanawake wakapika, Subilaga mwenyewe akiwakorogea wachongaji uji. Wakapata mtumbwi mpana, wa kumlaza mgonjwa na kumketisha wa kumshika mkono. Wakamkabidhi Baba Lusako, mume wa marehemu. Nani angeijua njia ile kuliko yeye?

Mwanzoni aliutunza kama ulivyokusudiwa. Watu walipomgongea mlango alitoka na kasia mkononi kabla hawajamaliza kueleza. Wajawazito wakavuka, watoto wenye homa wakavuka. Mtumbwi ulinuka jasho na dawa, na hakuna aliyeona vibaya.

Kisha akaandika jina la mkewe ubavuni mwa mtumbwi. Watu wakasema ni haki yake. Akaupaka rangi ili jina lionekane. Akatandika mkeka mpya. Akajenga kibanda jua lisije likaupasua, akatia mlango, na mlangoni akatia kufuli. Ilipofika Jumapili ya mbegu, siku ambayo waumini hupeleka mbegu ufukweni kuombewa kabla ya kupanda, mtumbwi ukapambwa maua na kutangulia mbele ya ibada, na wageni wakaja kutoka mbali kuutazama. Hakuna kikao kilichoamua kwamba wagonjwa wasipande tena. Ila aliyeingia na matope alitazamwa kwa jicho baya, na aliyetapika ndani alisemwa mpaka kisimani. Watu wakajifunza kupita juu. Na Subilaga naye, tuseme kweli, aliusifu mtumbwi ule kama wengine.

Mwaka huo mvua zilikuja kwa nguvu. Asubuhi ya Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya mbegu, Atupele, binti wa Subilaga, akashikwa na uchungu. Mkunga wa jirani akampapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe zahanati sasa hivi. Subilaga akakimbia kwa Baba Lusako, kanga imemganda mwilini kwa mvua. Akamkuta kibandani na brashi, anamalizia mstari mweupe wa ukingoni.

Baba Lusako alimsikiliza kwa upole. Ule upole ndio uliomchoma Subilaga baadaye kuliko mengine yote. Akamweleza kwamba rangi haijakauka, kwamba askofu anakuja kesho, kwamba damu ikishaingia kwenye mkeka haitoki. Akaahidi kumwombea binti. Akasema Jumatatu, Mungu akipenda, mtumbwi utakuwa na nafasi. Leo atampa vijana wa kwaya, wambebe kwa njia ya juu.

Subilaga akashika mwimo wa mlango.

"Baba Lusako," akasema, "mkeo alifia kwenye njia hiyo unayonionyesha."

"Ndiyo maana nautunza, mama," akajibu. "Nikiuacha uchakae, nani atamkumbuka?"

Wakamlaza Atupele kwenye machela, wakapita juu. Wabebaji waliteleza, wakainuka, wakateleza tena. Walipofika kileleni Subilaga akatazama chini, akaliona ziwa lote, dogo, limetulia. Mtu angelivuka kabla uji haujapoa. Pale pale kileleni, juu ya majani mabichi, mtoto akazaliwa, wa kiume, kitovu kimemzunguka shingoni. Hakulia. Bibi yake akavua kilemba, akamfunika. Atupele walimfikisha zahanati akiwa hajitambui, na wauguzi wakapigana naye mpaka akafumbua macho. Vijana wa kwaya walikuwa wamekwisha kurudi, kwa sababu walikuwa na mazoezi.

Jumapili asubuhi Subilaga akairudia njia ile ile, maiti ya mjukuu kifuani. Yeye na mkunga wakachimba nyuma ya nyumba, wakazika. Hakuna aliyekuja. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni, na nyimbo zilisikika mpaka pale kaburini.

Alipomaliza akakusanya nguo safi za binti yake, akaenda ufukweni. Mtumbwi ulikuwa majini, maua pande zote, askofu amesimama mbele yake na mikono juu. Subilaga akapita katikati ya waimbaji, miguu imejaa matope mpaka magotini. Akaingia mtumbwini, akakanyaga mkeka, akashika kasia. Wimbo ukakatika. Mzee mmoja wa kanisa akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini avumilie kidogo, ibada inakaribia kwisha. Subilaga akalizamisha kasia. Akasukuma. Aliinama kupiga kasia, na maua yakawa yanadondoka majini nyuma yake. Waliobaki ufukweni walimtazama mpaka akafika ng'ambo. Hakuna hata mmoja aliyemwita kumpa pole.

Jioni mtumbwi ukarudishwa. Baba Lusako akauona mkeka. Kisha akapiga magoti na kitambaa na ndoo, akaanza kusugua nyayo za matope, machozi yanamtoka. Watu wakamzunguka wakisikitika. Walisema ni aibu, kitu kizuri namna hii kuharibiwa na mtu mmoja. Wengine wakakimbia nyumbani kuleta sabuni. Akina mama wakakunja kanga, wakapiga magoti kumsaidia, na mmoja wao akaanzisha wimbo wa kumfariji.

Nyuma ya nyumba ya Subilaga udongo ulikuwa bado mbichi, na hapakuwa na mtu. Basi nijibuni, ninyi mnaong'arisha vyombo vya Mungu: jioni ile, Mungu mwenyewe alikuwa wapi?