Mbuzi Aliyeingia Uani kwa Shamte

Mbuzi jike wa Mashavu, msuka mikeka, alipenya uzio akaingia uani kwa jirani yake Bwana Shamte, tajiri aliyekuwa amesoma nusu ya kitabu cha mantiki. Mashavu alipokwenda kumdai, alimkuta Shamte amekaa kibarazani na mjumbe wa mtaa.

"Nakupa kauli mbili, wewe toa hitimisho," Shamte alisema. "Kila kinachoingia uani kwa mtu ni cha mwenye ua. Mbuzi ameingia uani kwangu. Kwa hiyo?"

Mashavu alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mbuzi ni wako."

"Mjumbe, andika. Mwanamke huyu ana akili."

Mjumbe aliandika.

"Ila, bwana mkubwa," Mashavu alisema, "mbuzi huyo ana watoto mapacha, nimewafungia kwangu. Mwenye mama si ndiye mwenye watoto?"

"Hilo halihitaji hata kitabu." Shamte alichukua kamba, akavuka njia mbiombio, akaingia uani kwa Mashavu. Mjumbe alimfuata hadi mlangoni, akasita, akarudisha mguu nyuma.

"Wako wapi?" Shamte aliuliza, akichungulia bandani.

"Mbuzi yule hajawahi kuzaa," Mashavu alisema, akimkabidhi mchi. "Mjumbe, hebu tusomee ulichoandika."

Mjumbe alisoma akiwa kule kule nje: "Kila kinachoingia uani kwa mtu ni cha mwenye ua."

Shamte aliinamisha kichwa, akatazama mahali alipokanyaga.

"Mahindi yamo kinuni," Mashavu alimwambia. "Ukimaliza kutwanga, kamlete mbuzi wetu."