Baba wa Ubatizo wa Likasi Nzima

“Bakristo bote ba parokia beko mu hii machine!” Zéphirin alijigamba, akiipangusa kompyuta ya ofisi ya padri kama apangusaye shavu la mchumba. “Vile vitabu vya ubatizo sasa ni vya kuwashia moto.”

Mwaka huo wa 1998 mshahara Likasi, mji wa migodi wa Kongo, ulikuwa adimu kama mvua ya Julai. Mama Philomène alishatamka kwamba binti yake Colette haolewi na kijana asiye na kazi. Padri naye aliahidi ukarani kwa atakayeingiza vitabu vyote kumi na viwili kwenye kompyuta. Zéphirin, aliyemtaka Colette na ukarani vyote viwili, akaona mdomo una mbio kuliko vidole.

Alichokuwa nacho ni programu ndogo aliyoitunga kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, yenye kujifanya inauliza hifadhidata, yaani ghala la majina. Ghala lenyewe halikuwapo. Ukiandika jina lolote, ilinyamaza kidogo kama mtu anayekumbuka, kisha ikatoa jibu lile lile alilolibandika. Mafundi hufanya hivyo ili kujaribia kazi, wala si dhambi. Dhambi ni kuapa kwamba ghala limejaa.

Jumapili baada ya misa, Mama Philomène akaingia na Colette.

“Tafuta mutoto wangu.”

Mashine ikanyamaza, ikajibu: *Amebatizwa. Baba wa ubatizo: Mukendi.*

“Ni kweli kabisa!” Mama akapiga vigelegele. “Na weye mwenyewe?”

Kichwa kikiwa kimevimba kwa sifa, Zéphirin akaandika jina lake. *Amebatizwa. Baba wa ubatizo: Mukendi.*

Vigelegele vikakatika. “Parrain moja, baba wa ubatizo moja? Basi muko ndugu! Muntu anaoa dada yake?”

Colette akashika mdomo. Zéphirin akakinga kioo cha mashine kwa kiganja. “Hapana, mama! Ule ni Mukendi mwingine!”

“Mwingine nani?” Katekista Mukendi alikuwa amesimama mlangoni na kapu la sadaka. “Andika jina yangu tuone.”

Kijana akaandika. Mzee akainama, akasoma, akacheka hadi noti zikaruka kapuni.

“Kumbe miye mwenyewe ndiyo parrain wangu!”

Zéphirin akainamisha kichwa. “Mama, mule hamuna majina. Nilisoma ukurasa moja tu ya kitabu, ile ya Colette, na jibu yake ndiyo nilibandika kwa bote.”

Mama Philomène akauma midomo asicheke. “Maliza vitabu kumi na mbili kwanza. Kisha ndiyo ukuye kuongea ndoa.”

Colette alikwishavuta kiti karibu na cha Zéphirin, kitabu cha kwanza kimefunguka magotini. “Andika, mwongo wangu. Namba moja…”

Katekista akatikisa kichwa. “Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Ya kwako haikufika hata mlangoni.”