Neno Lililofungua Milango ya Kalonje

Sogeeni, wajukuu, msikilize kwa makini, maana neno hili lina kaburi.

Zamani, ardhi ilipotikisika, watu hawakuwa na jina la jambo hilo. Kila mmoja alipiga ukelele wa kile alichokiogopa zaidi.

Nakazwe, mfinyanzi wa Kalonje, aliogopa vita, kwani wavamizi walimuua baba yake mbele ya macho yake. Asubuhi moja alikuwa uani akianika vyungu, mwanawe mgonjwa wa homa akiwa mgongoni. Mara ardhi ikanguruma. Vyungu vikagongana, mbuzi wakakata kamba. Nakazwe alidhani ni vishindo vya maadui.

“Vita! Vita jamani!”

Watu wakafanya walivyozoea: wakakimbilia ndani na kukomea milango kwa magogo. Wifi yake, Mwaji, alisita mlangoni. “Wifi, njoo ndani, watakukuta huko!” Kisha akafunga. Nakazwe hajanyanyua mguu, nyumba ile ikalala chini, na vumbi likafunika kila kitu.

Hakuna adui aliyetokea. Njia ilikuwa nyeupe, haina mtu.

Nakazwe akaanguka magotini, viganja vyake vikagusa udongo. Akahisi ukitetemeka, kidogo kidogo, vile vile alivyotetemeka mtoto mgongoni mwake. Naye alijua homa ile: hutulia kidogo, kisha hurudi na nguvu. Kijiji kizima kilikuwa kimejifungia ndani kwa ukelele wake.

Akakimbia mlango hadi mlango akigonga kwa ngumi. “Si vita! Nimekosea! Ardhi inatetemeka, tokeni!”

“Wavamizi wako wapi?” mzee Simfukwe aliuliza kutoka ndani.

“Hawapo, baba! Ni tetemeko! Tetemeko!”

Gogo likaondolewa. Mlango mmoja ukafunguka, mingine ikafuata. Watu walikuwa wamelala kifudifudi uwanjani, wameshikana mikono, tetemeko la pili lilipozibomoa nyumba tupu.

Mwaji walimfukua jioni. Nakazwe alimwosha mwenyewe huku akilia, na hakuna aliyethubutu kumwambia nyamaza.

Na tangu siku hiyo, ardhi ikitikisika, watu husema tetemeko, wala hawataji jina jingine. Neno hilo halitamkwi kwa mzaha. Anayelitamka huwa tayari anatoka nje, na anayelisikia haulizi swali: huacha chungu mekoni, huchukua mtoto, na mlango huuacha wazi.