Shangazi Mwenye Ndevu

Sogeeni, wajukuu zangu, masikio huku, vidole nje ya pua. Kale, kale ile ya watu kuhama kwa miguu na mbuzi kulalamika njia nzima, familia moja ilitoka ng'ambo ya ziwa ikahamia nchi ya wachemsha chumvi. Walikuwa baba, mama, binti yao Kalunde, na Mihambo, mdogo wake baba, mtu mwenye ndevu za kufika kifuani.

Wenyeji walikuwa na mambo yao. Kila mwaka, siku aliyozaliwa mtoto, walimlambisha chumvi, basi, kakua. Kalunde naye alilamba, akashukuru. Lakini kwao binti hakui kwa kulamba. Kwao binti hukaa ndani siku saba na shangazi, dada wa baba, na siku ya saba shangazi humnong'oneza neno la ukoo. Bila neno hilo wewe mtoto. Una mvi? Mtoto. Huposwi, huketi na wanawake, ukisema unaambiwa nenda kacheze.

Na shangazi yake wa pekee alifia njiani. Kalunde alimlilia shangazi, alipomaliza akajililia mwenyewe.

Baba akawaza siku tatu. Siku ya nne akasema, "Mihambo, ukoo wetu huku ni mimi na wewe. Mimi ni baba yake. Shangazi utakuwa wewe."

"Kaka, mimi nina ndevu."

"Nimeziona."

Mihambo akafikiri. "Haya."

Akajifunga nguo ya marehemu dada yake, akaketi mkekani. Alimfundisha Kalunde kupokea wageni. Alimfundisha kusonga ugali, wakanywa uji. Majirani walichungulia dirishani, wakacheka hadi chumvi ikaungulia chunguni. Kalunde alitamani ardhi ipasuke. Lakini kila asubuhi alipiga goti, "Shikamoo, shangazi," na kila asubuhi Mihambo alijibu, "Marahaba, mwanangu," wala hakutabasamu hata mara moja.

Siku ya saba uwanja ukajaa. Mle ndani Mihambo akainama sikioni kwa binti. Wavulana, zibeni masikio. Basi, mmeshachelewa. Kalunde alisikia ndevu zikitetemeka shingoni mwake.

"Mwanangu," Mihambo akanong'ona, "neno silijui. Wanaume hatuambiwi. Lakini nipo."

Kalunde akatoka. Mama yake, ambaye ukoo wake una neno lake jingine, akamshika mabega.

"Umeambiwa?"

Akisema hapana, atabaki mtoto, na Mihambo atachekwa mpaka kaburini. Kalunde akatazama nyuma. Mihambo alikuwa mlangoni, anafuta macho kwa pindo la nguo ya dada yake.

"Nimeambiwa, mama."

"Lote?"

"Lote."

Vigelegele! Hata wachemsha chumvi walipiga, bila kujua wanapigia nini.

Baadaye mama alizaa wavulana, wavulana wakazaa mabinti, na shangazi wao akawa Kalunde. Kila binti Kalunde alimweka ndani siku saba, akamwinamia sikioni: "Mwanangu, neno silijui. Lakini nipo." Na kila mmoja alitoka nje akasema ameambiwa lote. Mpaka leo hakuna aliyewahi kusema vingine.

Funzo lake? Mkimkuta mkubwa hajui, msimcheke. Mtazameni kama amebaki au amekimbia.

Kisa kimeketi. Nyinyi inukeni, mitungi haina maji.