Binti Aliyefunzwa Kutonusa

Wapendwa, wekeni Biblia mapajani kidogo, mnitazame. Mimi shule niliiacha darasa la nne, au tuseme tuliachana kwa makubaliano. Lakini mfano nikiusuka mimi, hata wenye digrii husahau kusinzia. Sikilizeni huu.

Palikuwa na baba mmoja, suti imepigwa pasi hadi inakata. Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo alikuwa achaguliwe mzee wa kanisa, na cheo hicho alikitamani kuliko chakula. Binti yake alisoma darasa la kwanza. Mwezi ule walikuwa wakifundishwa milango ya fahamu: jicho la kuonea, sikio la kusikilizia, pua ya kunusia. Wazazi wakaalikwa waje kuona. Mwalimu akamfunga binti kitambaa machoni, akawa anamsogezea vitu puani.

"Hiki nini?"

"Kitunguu!"

"Na hiki?"

"Dagaa!"

Makofi. Mwalimu akafungua kichupa cha spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Mtoto akanusa, akatabasamu, akanyoosha mikono kama anayetaka kubebwa.

"Baba!"

Darasa zima likaangua kicheko. Baba naye akacheka, jasho linamtoka. "Watoto bwana! Hiyo ni dawa, najipaka goti."

"Goti lako linakunywa kweli, shemeji," akasema mmoja huko nyuma.

Walipofika nyumbani, baba akaitoa chupa yake ya gongo, akaishikilia chini ya pua ya mtoto.

"Umenusa nini?"

"Mwalimu alisema tuseme tu..."

"Sikukuuliza ya mwalimu. Umenusa nini?"

"Baba."

Akamzaba kofi. Akaisogeza chupa tena.

"Umenusa nini?"

"Sijanusa kitu, baba."

"Sasa una akili."

Mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Mwiko haukusimama hata kidogo.

Jumapili ikafika. Waliokaa benchi moja na yule baba walikuwa wamejiziba pua kwa leso, wakisingizia mafua. Mchungaji akauliza, "Mnamkubali?" Unadhani nani alibaki na mkono chini? Hakuna! Mkono mmoja unashika leso, mwingine uko juu.

Jumamosi moja mchana, mama yuko sokoni, mzee wetu mpya wa kanisa akalala na sigara mdomoni, chupa kando. Sigara ikaangukia godoro. Binti alikuwa sebuleni anachezea mdoli wake. Moshi ukapita chini ya pazia, ukamfikia. Akakohoa, akahamia upande wa pili na mdoli wake. Majirani ndio waliovunja mlango. Mtoto wakamtoa mzima. Baba wakamtoa hai, lakini miguu ile hadi leo haijasimama.

Akiwa kitandani, amefungwa bandeji, akamwita binti yake. "Mwanangu, moshi wote ule! Mbona hukuniamsha?"

Mtoto akarudi nyuma hatua moja, akaficha shavu kwa kiganja.

"Sijanusa kitu, baba."

Mnanyamaza? Mlikuwa mnacheka sasa hivi! Mnataka nimlaumu mtoto? Mtoto alifaulu mitihani yote miwili, wa shule na wa nyumbani. Mwalimu alihangaika mwezi mzima kumfungulia mlango mmoja, baba akaufunga kwa kofi moja, mama akauegemea, na kanisa likapiga kufuli. Halafu nyumba inaungua, tunauliza mbona hakuna aliyepiga kelele!

Sisi tuna pua gani, ndugu zangu? Tunaunusa wizi wa jirani kutoka kijiji cha tatu. Wa kwetu tunautia manukato, tunasema ni dawa ya goti. Na mtoto akitaja tunachokijua wote, tunamwita hana adabu.

Asubuhi hii mmepeana mikono hapo mlangoni, mmekumbatiana, mmekaa bega kwa bega. Mmenusa nini? Msinijibu mimi, mtanidanganya. Mtoto wako huyo hapo ubavuni. Muulize yeye, kama bado ananusa.